Vumbi jeupe la kaskazi linaleta sumu shambani? Jibu kwa mkulima wa Ngarenanyuki

Msomaji mmoja wa Ngarenanyuki, huku nyuma ya Mlima Meru, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nalima nyanya na mchicha ekari moja na nusu kwa maji ya mfereji. Kila Januari na Februari upepo unaleta vumbi jeupe toka upande wa Amboseli na Tinga Tinga, linafunika majani mpaka kijani hukioni. Baada ya wiki moja majani yanababuka. Nimeona video ya ziwa lililokauka huko Asia, vumbi lake limejaa sumu za pamba na watu wanaumwa. Je na sisi tunaletewa sumu? Mke wangu anakohoa sana kipindi hicho. Nataka kuingia kilimo hai ila mnunuzi kanambia udongo ukiwa na mabaki ya sumu nisahau. Nikwangue udongo wa juu nikatupe?"

Marahaba mdogo wangu. Usikwangue kitu kwanza, tutafika huko mwishoni.

Jibu la haraka ni kwamba vumbi linaweza kubeba sumu, hilo limepimwa na halina ubishi, ila vumbi ni kama lori, ukitaka kujua limebeba nini lazima uulize limepakia wapi. Na kwa maelezo yako mi naona lile jeupe la mbali limepakia magadi zaidi kuliko sumu, ninayemtilia shaka yuko karibu na wewe, pengine hatua mia mbili toka kwenye nyanya zako. Ngoja nieleze kwanini.

Tuanze na hilo ziwa la kwenye video. Ni Ziwa Aral, liko mpakani mwa Kazakhstan na Uzbekistan, na mwaka 1960 lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,000 hivi, yani karibu sawasawa na Ziwa Victoria letu. Serikali ya Kisovieti ikachukua maji ya mito miwili inayoliingizia maji, Amu Darya na Syr Darya, ikayapeleka kwenye mashamba ya pamba, na pamba inavyopigwa dawa wote tunajua. Sasa maji yakishamwagilia pamba yanabaki na chumvi, mbolea na sumu, alafu mifereji ya kutolea maji inayarudisha mtoni na ziwani, miaka na miaka inaenda hivyo, tope la chini linanyonya. Ziwa likakauka. Lile tope lililokuwa limetulia chini ya maji likabaki wazi juani, leo wanaliita jangwa la Aralkum, na upepo ukija unanyanyua chumvi pamoja na mabaki ya DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, na ndugu zake. Watafiti waliotega vumbi upande wa Turkmenistan walikuta humo sumu ya pamba inaitwa fosaloni, na majibu yao yalichapishwa mwaka 2000. Hiyo ndo habari ya kwenye video na ni ya kweli, watu wa Karakalpakstan, upande wa Uzbekistan, wameteseka nayo sana.

Ila kuna kipande ambacho video nyingi zinakiruka. Watafiti hao hao na wenzao waliendelea kutega vumbi kusini mwa lile ziwa, wakaona kwamba vumbi linaloangukia vijiji vingi linatoka pia kwenye majangwa ya jirani na mashamba yenyewe ya umwagiliaji, sio kitako cha ziwa peke yake. Yani mtu anaangalia ziwa lililoko mbali wakati shamba la pamba la pembeni yake linatimka vumbi lenye dawa ya msimu uliopita. Naomba ulikumbuke hili manake ndo jambo lenyewe ninalotaka kukwambia kuhusu Ngarenanyuki.

Sasa kwanini sumu inapenda vumbi. Ukipuliza dawa, sehemu kubwa inaishia kwenye udongo, na kwenye udongo haikai sawa kila mahali, inajishika kwenye chembe ndogo kabisa za mfinyanzi na kwenye mboji. Mchanga hauishiki sana. Alafu upepo nao unachagua, chembe nzito za mchanga zinarukaruka tu karibu na ardhi, hazivuki hata kimo cha mtu, zinaangukia hapo hapo kwenye mpaka wa shamba, ila zile nyembamba kama unga wa sembe zinapanda juu na kusafiri. Kwahiyo upepo unabeba hasa zile zenye sumu nyingi na kuacha mchanga msafi nyuma. Ndo maana ukipima vumbi lililotoka kwenye shamba mara nyingi linakuwa na sumu kali kuliko udongo wa shamba lenyewe ulikotoka.

Na zipo sumu za kukaa na zipo za kupita. DDT, dieldrini, toksafeni, endosalfani hizi ni za kukaa, zinahesabiwa kwa miaka, DDT ikianza kuvunjika inageuka DDE ambayo nayo inakaa muda mrefu tu. Ndo zimewekwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia sumu zinazodumu, uliopitishwa 2001, endosalfani ikaongezwa 2011, na klopirifosi ambayo wengi huku mmeitumia imeongezwa 2025 japo yenyewe haikai kama DDT. Dawa nyingi za siku hizi zinaharibika ndani ya siku au wiki kadhaa kwenye jua na udongo wenye uhai, ila usidanganyike kwamba zote zinaisha. Kuna utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2019, walichukua udongo wa mashamba 317 wakakuta asilimia 83 una mabaki ya dawa angalau moja, na kati ya walizozikuta mara nyingi ni dawa ya magugu ya glaifoseti na mabaki ya DDT ambayo wenzetu kule waliacha kuipiga zamani sana. Udongo una kumbukumbu ndefu.

Haya, sasa tuje kwenye vumbi lako jeupe. Desemba mpaka Februari upepo huku kaskazini unatoka kaskazini mashariki, na ukichora mstari toka kitako cha Ziwa Amboseli huko Kenya kuja kwako ni kilomita 60 na kitu, katikati hapo ni mbuga kavu ya mifugo. Lile ziwa lenyewe kiangazi ni uwanja mweupe mtupu unaotoa visulisuli vya vumbi vinavyoonekana toka mbali, na ule weupe ni chumvi chumvi za magadi, sio dawa. Upande wa Kimana na Loitokitok kuna wakulima wa nyanya na vitunguu wa umwagiliaji wanaopiga dawa kama mnavyopiga nyie, kwahiyo siwezi kusema hakuna kabisa chembe yenye dawa inayovuka mpaka, ila ardhi kubwa inayotimka vumbi kule ni ya malisho, haijawahi kuona bomba la dawa. Na njiani vumbi linachanganyika na hewa na kuangukaanguka, linalokufikia ni jembamba.

Kuna mambo mawili tu ya huko porini ambayo yananifanya nisiseme pori ni safi asilimia mia. La kwanza nzige. Mwaka 2021 nzige wa jangwani walishuka Longido na Simanjiro na ndege zikapuliza. Dawa za nzige za sasa zinavunjika haraka kwahiyo za 2021 hazikuhusu tena, ila miaka ya nyuma, kuanzia 1950 na kitu mpaka 1980 na kitu, majangwa mengi ya Afrika yalipigwa dieldrini dhidi ya nzige, na ile ilipendwa kwasababu inakaa, waliipuliza mistari mistari ili nzige watembee juu yake wiki nyingi baadae na bado wafe. La pili majosho. Haya ndo yananiumiza kichwa zaidi manake watu wameyasahau. Majosho ya zamani Afrika Mashariki yalianza na aseniki, baadae yakaja toksafeni, na ng'ombe akitoka kwenye josho anadondosha maji pale pembeni, tope la chini ya josho lilikuwa linachotwa na kumwagwa hapo hapo. Aseniki haiozi, ni madini, itakaa pale daima. Kwahiyo kama kuna josho bovu lililoachwa upande unakotokea upepo, hasa kama ng'ombe bado wanapita pale wanatimua vumbi, au mbaya zaidi watoto wanachezea pale, hilo ni la kushughulikia na kijiji, kupigwa uzio na kuoteshwa majani. Waulize wazee wa boma watakuonesha lilipokuwa.

Basi twende kwa huyo mtuhumiwa wa karibu. Mdogo wangu, nenda kesho asubuhi ukasimame pale mnapochanganyia dawa. Karibu kila kipande cha mfereji huko kina sehemu yake, na zinafanana: kuna pipa limekatwa juu, kijiti cha kukorogea kimeegeshwa, ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu na juu yake kuna ukoko, sehemu nyingine una rangi ya bluu ya mrututu, sehemu nyingine ni njano ya dawa ya ukungu, vifuniko vyekundu vimezama kwenye udongo, pakiti za dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya, zimechanwa kwa meno na kutupwa. Kila anayekuja kujaza bomba anamwaga kidogo, anasuuza bomba hapo, maji ya kusuuzia yanamwagwa hapo, miaka kumi. Masika panakuwa tope linalotiririkia mferejini. Januari panakauka, watu na punda wanapita, ule ukoko unasagika unga, upepo unapita. Hakuna jangwa lolote duniani la kushindana na pale.

Ngoja nikupigie hesabu, ni mfano tu wa kukuonesha ukubwa wa vitu. Tuseme vumbi la mbali lina DDT ya miligramu 0.1 kwa kilo, na hapo nimelionea. Likakuangukia mpaka likafika unene wa milimita moja shamba zima, ambalo ni vumbi jingi sana, ni kama kilo moja na robo kwa kila mita ya mraba. Hapo umeletewa miligramu 0.12 hivi kwa mita ya mraba. Sasa chukua lita moja ya dawa yenye gramu 480 za kiini, uipige kwenye ekari moja kama watu wanavyofanya. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwahiyo umeweka miligramu kama 119 kwa mita ya mraba, kwa mpigo mmoja, karibu mara elfu moja ya lile vumbi lote. Na nyie nyanya mnapiga mara ngapi kwa msimu? Alafu bado hujachanganya tatu nne kwenye bomba moja, tabia ambayo utafiti uliochapishwa 2007 kwa wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini ulishaionesha, na kwenye utafiti huo huo asilimia 68 ya wakulima walisema wameshajisikia vibaya baada ya kupiga dawa.

Kwa mchicha hesabu ni nyingine manake majani hayachanganyiki na udongo, vumbi linakaa pale pale kwenye chakula. Tuseme kilo ya mchicha imeshika gramu moja ya vumbi. Likiwa lile la mbali la 0.1, mchicha unapata miligramu 0.0001 kwa kilo. Kiwango cha kawaida cha Ulaya kwa dawa isiyowekewa kiwango chake ni 0.01, kwahiyo uko chini yake mara mia. Ila vumbi hilo likiwa limetoka pale pa kuchanganyia na tuseme lina 50 kwa kilo, kitu ambacho sehemu za kumwagikia dawa zinakifikia kirahisi, mchicha unapata 0.05, umevuka mara tano, na wewe hujapiga kitu. Gramu ile ile moja ya vumbi. Ndo maana nasema uliza limepakia wapi.

Na jirani naye. Ukiona jirani wa upande wa upepo anapitisha haro Januari udongo ukiwa mkavu kabisa, shamba ambalo Novemba lilikuwa na vitunguu na dawa kila wiki, lile wingu jekundu linalovuka kuja kwako ndo la kuogopa, sio jeupe. Angalia rangi, jeupe ni la mbuga, la kahawia na jekundu ni la mashambani. Wala sio kwamba jirani ni mtu mbaya, anatayarisha shamba kama alivyofundishwa na baba yake.

Kuhusu majani kubabuka, mi sidhani ni sumu kabisa ila tuhakikishe. Kusanya lile vumbi toka kwenye majani, kijiko kimoja, weka kwenye sahani, kamulia limau. Likichemka povu hilo ni magadi au chokaa, na magadi yakikutana na umande wa asubuhi kwenye jani yanaunguza kingo, jani linakauka toka pembeni kwenda ndani. Dawa yake ni kunyunyizia maji masafi jioni au alfajiri kuyaosha, sio kupiga kitu. Pili geuza jani uangalie chini, kama kuna utando mwembamba na vidudu vinavyotembea vidogo kama ncha ya sindano, hao ni utitiri, na utitiri wanashamiri kwenye majani yenye vumbi na joto. Jani linakuwa la shaba shaba, mtu anadhani limeungua. Hapa ndo wengi wanajimaliza, wanakimbilia duka la pembejeo wanapewa dawa kali ya wadudu wa jumla, inaua wadudu rafiki wanaokula utitiri, utitiri wanabaki wenyewe wanasherehekea. Tatu, kama majani mapya yanajikunja kama kikombe na shina linapinda kama linatafuta kitu, hiyo ni dawa ya magugu iliyopeperushwa toka kwa mtu anayepiga kwenye mahindi au ngano, nyanya haivumilii ile hata kidogo, na hiyo haikuja na vumbi la Amboseli, imekuja na upepo wa mchana wa mtu aliyepiga saa nane jua kali na upepo unavuma. Akipiga asubuhi mapema upepo ukiwa mdogo na nozeli yenye matone makubwa kidogo utaona tofauti.

Sasa kupima. Usipeleke udongo wa kuchota sehemu moja, utatupa hela. Nataka uchukue sampuli tatu tofauti: ukingo unaopokea upepo, katikati ya shamba, na pale pa kuchanganyia dawa. Kila moja chota vijiko toka sehemu 15 mpaka 20, ila usishuke chini ya sentimita 5, manake vumbi liko juu, ukichimba sentimita 20 kama unapima mbolea utalizimua halafu majibu yatakwambia hakuna kitu. Pale pa kuchanganyia pawe pa mwisho kuchota, ili kijiko kisihamishe sumu kwenda sampuli nyingine, na kioshe kila mara. Funga kwenye karatasi ya foili au chupa ya kioo, sio mfuko wa rambo, hizi sumu za mafuta mafuta zinajishika kwenye plastiki. Weka gizani na baridi, andika jina na tarehe.

Na vumbi lenyewe tega. Chukua sinia pana, panga gololi za watoto safu mbili, liweke juu ya kichanja cha mita mbili hivi uwanja wa wazi, mbali na barabara na jiko. Gololi zinazuia upepo usilichukue tena vumbi lililoangukia. Kila baada ya wiki mbili suuza kwa maji masafi, acha litulie, mwaga maji ya juu kidogo kidogo, anika kivulini, hifadhi. Njia hii inatumika na watafiti wa majangwa duniani kote na ni ya bei ndogo. Weka sinia moja upande wa upepo na moja nyuma ya shamba, ukipata mengi nyuma kuliko mbele maana yake vumbi linazalishwa na shamba lako mwenyewe.

Pa kupeleka ni hapa hapa Arusha, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao makuu yao Ngaramtoni pale ilipokuwa TPRI. Kabla ya kwenda uliza bei na wanapima zipi, waambie unataka za zamani, yani DDT na DDE, dieldrini, endosalfani, lindeni, na pia klopirifosi na zile unazojua zimepigwa eneo lenu miaka ya karibuni. Majibu ya DDT yasome hivi: DDE ikiwa nyingi kuliko DDT ni mabaki ya zamani yanayoisha taratibu, DDT yenyewe ikiwa nyingi kuliko DDE kuna mtu kaipata mahali na kaitumia karibuni, na hapo usinyamaze, toa taarifa.

Kuhusu kilimo hai usikate tamaa hata kidogo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kipo toka 2007, kile chenye alama ya Kilimohai, na mkaguzi haji kutafuta udongo wa peponi, anataka kuona kwamba wewe hupigi, kwamba umeacha muda wa mpito, na kwamba umejikinga na jirani. Ukilenga soko la Ulaya mpito ni miezi 24 kabla ya kupanda mazao ya msimu. Kwahiyo anza leo kuandika daftari, tarehe na ulichofanya, na jenga kinga.

Kinga ni miti, ila miti ipangwe kwa akili. Usijenge ukuta, ukuta unarusha upepo juu unaangukia ndani kwa fujo zaidi. Unataka uzio unaopitisha karibu nusu ya upepo. Safu ya grivea au mvinje au mjohoro juu, na chini yake vichaka au masale yaliyobanana, mababu wa Kichaga wamezungushia vihamba masale miaka yote na kwa vumbi la chini yanafaa kweli. Mti wa mita 6 unatuliza upepo vizuri mpaka mita kama 60 nyuma yake. Wakati miti inakua panda matete kando ya mfereji, ndani ya miezi michache yameshasimama na ng'ombe wanakula, ila hayo ya mstari wa mbele yanayopokea vumbi la shamba la jirani yasuuze kabla ya kumpa ng'ombe wa maziwa, DDT na wenzake wanapenda mafuta na wanatokea kwenye maziwa. Shambani kwako usiache udongo uchi Januari, matandazo hata ya mabua ya mahindi, na mchicha panda upande wa ndani, nyanya ndo zikae ukingoni manake nyanya unaiosha ikasafika kuliko jani.

Shemeji anayekohoa asiambiwe amelishwa sumu, mtamtisha bure, vumbi jembamba peke yake linatosha kukohoza mtu, liwe na dawa lisiwe na dawa. Afunike mdomo na pua kwa barakoa inayobana wakati wa upepo, afagie kwa kunyunyizia maji kwanza, na kikohozi kikifika wiki mbili aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu, hilo halingojei upepo uishe. Na kama mnakinga maji ya mvua bati, wengi huko mnakinga kwasababu ya floraidi ya visima, basi mvua ya kwanza ya masika ipite, toa bomba kwenye tenki uache bati lioshwe kabisa ndo urudishe. Vumbi la miezi miwili liko juu ya hilo bati, msilinywe.

Haya, kukwangua. Shamba zima hapana, sentimita zako 5 za juu ndo zenye mboji nyingi na wadudu wengi wanaovunja hizo sumu, ukizitupa umejitia umaskini na sumu umeihamishia kwa mwingine. Weka samadi iliyoiva, udongo wenye uhai unavunja dawa nyingi wenyewe. Pale pa kuchanganyia tu ndo tofauti. Pale leo hii hamisheni shughuli, kaeni na wenzako wa mfereji mchague sehemu nyingine, mbali na maji, yenye sakafu ya zege yenye kingo, na maji ya kusuuzia bomba yapigwe shambani kwenye zao lile lile, yasimwagwe. Sehemu ya zamani mwagieni maji kidogo isitimke, funikeni na udongo wa kichanga kama futi moja, zungusheni miiba mifugo isikanyage, oteshea majani yasiyolishwa. Usiuchimbe ule udongo ukaupeleka korongoni wala usiuchome. Majibu ya Ngaramtoni yakitoka na namba kubwa, waombe wao waseme utolewe vipi na upelekwe wapi, na wewe nitumie nakala ya hayo majibu, sampuli zote tatu na vumbi la sinia, ntakuandikia yanamaanisha nini mstari kwa mstari.